Nilivyofukuzwa Kazi kwa Kosa la Kuwa na Kazi

Kazi yangu ya kwanza maishani niliipoteza kwa sababu moja tu: nilikuwa na kazi.

Usicheke kwanza. Nisikilize.

Naitwa Wajdi, wa Nefta, kusini mwa Tunisia, mji wa tende na wa vijana wanaozitazama tende zikiiva. Elimu yangu ni ya sekondari. Kijiwe changu ni mkahawa wa Zubeir, ambako watu wanne tunagawana kikombe kimoja cha kahawa kutwa nzima, mpaka Zubeir aanze kufagia juu ya miguu yetu.

Nilikuwa nampenda Rim. Rim hakuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa baba yake, Mzee Hattab.

"Kijana," aliniambia, "siku utakayoniletea karatasi ya kazi yenye muhuri, tutapika kuskusi ya posa. Kabla ya hapo, hata hodi usinipigie."

Basi mwezi wa tatu likaingia gari la chuo kikuu. Akashuka Profesa Suhaila na wanafunzi sita, wamebeba fomu za kuhesabu nani ana kazi na nani hana, ili chuo kijue kinausaidiaje uchumi wa mkoa.

Walikiona cha moto. Kwetu, mgeni mwenye karatasi mkononi ni mtu wa kodi mpaka athibitishe vinginevyo. Milango ikafungwa mtaa mzima. Bibi mmoja aliwaambia kupitia dirishani kwamba yeye hayupo.

Nikamfuata profesa. "Mama, hapa bila mwenyeji mtahesabu paka tu."

"Wewe unafanya kazi gani?"

"Hii ninayokufanyia sasa hivi. Bure."

Akacheka. Kesho yake akanipa mkataba wa miezi mitatu, msaidizi wa utafiti. Ila mradi wenyewe ulikuwa wa kuajiri wasio na kazi, kwa hiyo kwanza ilibidi niende manispaa nikachukue cheti cha kuthibitisha kwamba sina kazi. Kikapigwa muhuri. Kisha mkataba nao ukapigwa muhuri.

Nikatoka pale na karatasi mbili. Moja inasema sina kazi, nyingine inasema ninayo. Na zote za kweli.

Tukaanza kuzunguka. Kwa sura yangu milango ilifunguka. Ukweli ndio uligoma kutoka.

Mzee Hattab, mwenye mitende mia mbili, alipoiona fomu alijishika kiuno kama mgonjwa.

"Andika sina kazi."

"Mzee, na mitende yote ile?"

"Ile inajilea yenyewe. Andika."

"Huna kazi tangu lini?"

"Tangu mwaka themanini na saba."

Nikaandika. Akasaini.

Wiki ya pili, karani wa chuo akanipigia simu.

"Wajdi, kompyuta imekutoa."

"Kwa kosa gani?"

"Mradi ni wa wasio na kazi. Imeona una kazi."

"Si mmenipa nyie hiyo kazi?"

"Ndiyo maana imeona haraka."

Nilichoka mwenyewe. Nikarudi kijiweni, Zubeir akanivutia kiti bila kuuliza. Siku chache baadaye simu ikaita tena.

"Sasa huna kazi, kwa hiyo una sifa. Lete cheti kipya."

Nikapeleka. Nikaajiriwa. Nikatolewa. Nikapeleka tena. Ikafika mahali yule mama wa mihuri pale manispaa haniulizi shida, ananitazama tu: "Leo unayo au huna?"

Rim naye akachoka kusubiri. "Nimeongea na baba. Kuskusi ni Jumapili. Njoo na karatasi, usiniaibishe."

Ijumaa kompyuta ikanitoa.

Ningefanyaje? Nilipanga kumwonyesha mzee mkataba uliokufa, tarehe nizibe kwa kidole gumba. Jumapili tukaenda, mimi na mama. Sinia likawekwa, nyama juu, mvuke unapanda. Mzee Hattab akanyoosha mkono kabla ya kunyoosha kijiko.

"Karatasi."

Ndani ya bahasha yangu mlikuwa na mikataba saba na vyeti saba, muhuri uleule. Nikavuta karatasi moja bila kutazama. Mzee akavaa miwani, akasoma kwa sauti ili ukoo usikie:

"Aliyetajwa hapo juu hana kazi yoyote."

Vijiko vikasimama hewani. Mama yangu akaanza kuikagua dari.

"Umekuja kumposa binti yangu kwa cheti cha kukosa kazi?"

Mdomo wangu ukanitangulia. "Mzee, hata wewe huna kazi tangu themanini na saba. Fomu yako nilijaza mimi."

Mkewe akageuka polepole. "Hattab. Umewaambia nini watu wa chuo?"

Mzee akakohoa. Hakuna pilipili iliyokuwa imeliwa bado.

Hapo Rim akaweka jagi chini. "Baba, hebu hesabu mikataba iliyomo humo. Mtu anayeajiriwa mara saba ndani ya miezi mitatu, na watu walewale, wanamtaka au hawamtaki?"

Mzee akahesabu. Akarudia kuhesabu.

"Mara saba?"

"Saba, baba. Vijana wengine hapa hawajaitwa hata mara moja."

Akairudisha mikataba ndani ya bahasha. Kisha akachukua kipande kikubwa cha nyama, akakisukuma upande wangu wa sinia. Kwetu hiyo ndiyo saini.

Mwezi wa kumi chuo kikatualika kusomewa ripoti. Ukumbi umejaa, wakubwa wamekaa mbele. Profesa Suhaila akatangaza kwamba mradi umezalisha ajira saba mpya Nefta. Makofi mpaka vioo vikatetemeka.

Zubeir akaninong'oneza, "Saba? Mbona mimi simjui hata mmoja?"

"Unawajua wote," nikamwambia. "Wanakunywa kahawa kwako, tena ya kugawana."

Akanitazama. Nikajigusa kifuani.

Profesa alipojua, alicheka mpaka akavua miwani, halafu akaona haya. Akaniandikia mkataba wa kudumu, mbali na kompyuta ile. Hii ni ajira ya nane, na ndiyo iliyonioza Rim.

Kwa hiyo vyuo vinaleta kazi, sibishi, mimi ni mashahidi saba. Ila siku mkitangaziwa ajira mpya mkoani kwenu, pigeni makofi kwanza, kisha muulize hao walioajiriwa wana majina mangapi.