Waliomfungia Mpira Kaka Yangu Seth

Kaka yangu Seth Ormerod hakuacha mpira kwa ajili ya pombe. Anayesema hivyo aje anieleze mimi, mlangoni kwangu, ana kwa ana. Mimi ndiye niliyekuwa nikimfulia fulana zake za klabu ya Cragden, nyekundu na nyeupe, na matope ya uwanja ule nayajua kuliko wale wakubwa wa klabu waliokaa jukwaani na sigara zao nene.

Misimu saba alicheza winga ya kushoto. Alikuwa mfupi, matege, lakini akishaupata mpira beki alibaki anakimbiza upepo.

Sasa, mambo ya karatasi. Mchezaji akishatia sahihi, miguu yake ilikuwa mali ya klabu. Kila mwezi wa Mei walibandika majina getini: hawa wanabaki, hawa waende. Ukibakizwa huwezi kucheza kwingine, hata kama klabu yako haikupangi. Ng'ombe ana afadhali, maana ng'ombe huuzwa.

Mwaka 1909 Seth aliingia chama cha kutetea wachezaji. Bwana Haslam, mwenye kiwanda cha pamba na mwenyekiti wa klabu, akamwita pale getini mbele za watu.

"Ormerod, toka kwenye chama hicho."

"Sitoki, Bwana."

"Basi utakaa."

"Nitacheza kwingine."

"Kwingine wapi? Jina lako ninalo mfukoni. Utakaa mpaka miguu iote kutu."

"Miguu yangu siyo mashine zako, Bwana."

Mei ikaja, jina likabandikwa: abaki. Msimu mzima hakupangwa hata mechi moja, na hakuachiwa. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Hebu niambieni, winga anaishi miaka mingapi?

Machi iliyofuata tukapata habari. Klabu moja ya kusini ilikuwa tayari kumwomba Haslam awauzie karatasi ya Seth, ila kwanza mtu wao amwone akicheza, ajue kama mbio bado zipo. Kijiji cha Hollin Bank, kule mlimani, wakakubali kumchezesha kombe la bondeni kwa jina la Greaves. Ikijulikana, anafungiwa maisha. Ikifichika, anakwenda kusini kucheza. Yote yalikuwa kwenye mechi ile moja.

Tulipanda wanawake kumi na wawili wa kiwandani, Jumamosi, mashine zilipozimwa, na mikate yetu ya mafuta ya ng'ombe tumeifunga kwenye vitambaa. Njiani nikawaonya.

"Jina la Seth lisimtoke mtu."

"Wa kuchungwa ni wewe, Keturah," Tabitha akasema. "Sauti yako inasimamisha farasi."

"Nitauma mtandio."

"Uume kwa meno gani, shoga?"

Na kweli hatukutoa sauti. Dakika ya sabini Seth akampita beki, akampita wa pili, akaupachika chini ya mtambaa wa panya. Watu wakalipuka, "Greaves! Greaves!" Sisi kimya. Lakini sisi ni wafumaji. Mashine mia nne zikinguruma husikii hata mtu akikuitia sikioni, kwa hiyo tangu utoto tunaongea kwa midomo, bila sauti, tunasomana kutoka ukuta huu hadi ule. Mdomo wa mfumaji haungoji ruhusa. Furaha ilipotujaa, midomo kumi na miwili ikafunguka pamoja: Seth. Seth. Seth wetu. Mimi wa kwanza.

Ng'ambo ya uwanja alisimama Walter Duckworth. Huyo alikuwa fundi wa mashine zetu kwa miaka ishirini, kabla Haslam hajamfanya mbeba mkoba wake. Hakuwa anatazama mpira. Alikuwa anatutazama sisi. Nikauona mdomo wake ukinijibu, polepole, makusudi: "Asante, Keturah."

Nikakatiza uwanja, mechi inaendelea. Refa akapuliza filimbi, nikampita.

"Walter, umekula mezani kwa mama yangu!"

"Nilikula. Siku hizi nakula kwa Haslam."

"Usimwambie."

"Ungefunga mdomo wako, bibie. Mimi nina macho tu."

Nilimzaba kofi, kofia yake ikaanguka topeni. Sijuti. Ningemzaba la pili kama Tabitha asingenishika.

Yule mtu wa kusini akauliza rabsha ni ya nini, akaambiwa, akaenda zake kupanda treni. Wiki tatu baadaye wakubwa wa mpira wakamfungia Seth maisha. Hata timu ya kanisa, marufuku.

Nilimwambia kuwa ni mimi. Alikuwa anakula matumbo na vitunguu. Akasema, "Najua, dada. Nilikuona. Nilifurahi kama mjinga." Heri angenitukana.

Akaendesha mkokoteni wa makaa miaka ishirini na miwili. Jumamosi alasiri alimzungusha farasi njia ndefu ili asipite karibu na uwanja. Alikunywa, ndiyo. Alianza baada ya hapo, si kabla.

Alipokufa wakaja wanaume wanne wa klabu, wamejifunga vitambaa vyekundu na vyeupe mikononi, eti walibebe jeneza lake kwa heshima.

"Mama, alikuwa wetu," mmoja akasema.

"Lini?"

"Hayo ya zamani, mama..."

"Miaka ishirini na miwili hamkumwacha auguse mpira. Leo mnataka kumgusa yeye? Ondokeni mlangoni."

Mchungaji akanivuta kando, nipunguze hasira siku ya maziko. Nikamwambia akamhubirie Haslam. Kisha nikamwita Tabitha na wafumaji wengine wanne. Tulimbeba sisi, wanawake sita, jambo ambalo mji ule haukuwahi kuliona. Mlima wa makaburini ni mkali na jeneza lilikuwa zito. Tulilitua mara mbili. Wale wanne walitufuata nyuma mikono mitupu, na hakuna aliyethubutu kuomba zamu.