Mwaka Walipomnyima Leseni ya Teksi

Mume wangu alikuwa na teksi pale Ruiru, enzi ambazo Mwafrika mwenye gari alitazamwa mara mbili. Aliipeleka Thika ikiwa na wagonjwa, maharusi na akina mama wa sokoni, na Jumapili kabla ya ibada aliiosha mpaka alowe yeye mwenyewe. Nilikuwa nikimtania kwamba ameniolea mke mwenza asiyejua kupika.

Kila mwaka leseni ilipokwisha, ilimbidi asimame mbele ya wajumbe wa baraza la leseni, Thika. Mwenyekiti alikuwa mzungu mwenye shamba la kahawa, pembeni yake mfanyabiashara Mhindi, na mwisho wa meza chifu wetu. Askari alieleza hali ya breki, chifu akaeleza tabia ya mtu, wajumbe wakauliza wanalotaka, kisha wakanyosha mikono. Miaka mingine mambo yalikwisha kabla hujakaa vizuri kwenye benchi.

Mwaka ule ulikuwa wa hali ya hatari. Nilikuwa na mimba kubwa, na kwa kuwa kliniki ilikuwa hukohuko Thika, nilifuatana naye nikakaa nyuma. Askari alisema gari ni zima. Chifu alisema hana neno baya juu yake. Nikaanza kutafuta viatu vyangu, maana miguu ilikuwa imevimba nikavivua.

Ndipo mwenyekiti akauliza, kupitia kwa mkalimani, kwa siku moja anabeba watu wangapi.

Kwetu Wakikuyu watu hawakuhesabiwa. Wala watoto, wala mbuzi. Kumhesabu mtu ni kumwitia kifo. Mume wangu alikuwa mzee wa kanisa, lakini hilo alilinyonya kwa mama yake na halikumtoka.

"Bwana, nabeba wale wametokea," alisema.

"Wangapi?"

"Wale gari inatosha."

Mwenyekiti akagonga meza. Alitaka namba. Mume wangu akageuka, akaliangalia tumbo langu, akamrudia mwenyekiti.

"Mtu hahesabiwi, bwana."

Mzungu alielewa alivyotaka kuelewa: huyu anaficha watu, na watu wa kufichwa mwaka ule walikuwa wapiganaji wa msituni, waliosakwa na serikali. Mtu mmoja pale mezani angeweza kumweleza. Chifu alilelewa kama sisi. Nilimkazia macho nikimngoja afungue kinywa, naye akawa anafuta vumbi kwenye kofia yake. Alikuwa anaogopa, nalijua hilo. Sijamsamehe hata hivyo. Mikono iliponyoshwa kumnyima leseni, wake ulikuwamo.

Askari akabandua stika ya leseni kwenye kioo. Tukaruhusiwa kulifikisha gari nyumbani tu, na baada ya hapo lisionekane barabarani.

Haikupita muda uchungu ukanishika, asubuhi, mapema kuliko tulivyotarajia. Damu ilikuwa nyingi. Teksi nyingine ya Ruiru ilikuwa imeshaondoka. Mume wangu hakuniuliza kitu. Alinibeba, akanilaza kiti cha nyuma, akawasha gari.

Tukielekea Thika, kupita kidogo njia panda ya kwenda Kalimoni, tulikuta kizuizi. Askari alikitazama kioo kwanza, kisha dereva, na mimi mwisho kabisa.

"Stika iko wapi?"

"Afande, mama anazaa. Tafadhali. Nifunge nikishamfikisha hospitali."

"Ngoja mkubwa aje."

Tukangoja. Jua lilipanda juu ya mashamba ya mkonge, na mume wangu, mtu ambaye sikuwahi kumwona akimwomba mwenzake hata kiberiti, alipiga magoti kwenye lami. Nilimzaa binti yetu hapo hapo kitini. Hakulia. Alikuwa na nywele nyingi. Mkubwa alifika, akachungulia dirishani, akavua kofia, akasema tunaweza kwenda. Akatuandikia na ruhusa.

Tulimzika nyuma ya nyumba. Mume wangu alikiosha kile kiti siku kadhaa, hata kilipokuwa safi. Mwaka uliofuata akasikia wajumbe wapya wanatoa leseni bila maswali mengi, akaja jikoni kuniambia, kwa sauti ya chini, kama anayeomba.

"Tuuze gari," nikamjibu.

"Mama, gari halina kosa."

"Najua halina. Wewe pia huna. Na ninyi wawili siwezi kuwaangalia."