Namba Kubwa ya Mwalimu Zubeda

Jamani, chekeni tu, maana hata mimi siku hizi najicheka, ila siku ile niliomba ardhi inimeze na ardhi ikakataa (labda kwa huu unene wangu).

Ilikuwa wakati wa vita, tunakaa Ngagara, hapa Bujumbura, na mume wangu Pascal anafundisha hesabu sekondari. Akaja mwalimu mpya, Zubeda, aliyekulia Kigoma, na nyumbani kwangu ikawa Zubeda asubuhi, Zubeda jioni, Zubeda anajua namba, mpaka wivu ukanishika. Nikaamua nimpelekee Pascal bugali na ndagala (dagaa wetu wa ziwani) mwenyewe, kumbe nakwenda kumpima huyo mwanamke.

Siku hiyo wanafunzi walirudishwa mapema kwa ajili ya milio ya risasi milimani, walimu wote wamejazana chumba chao. Kufika mlangoni nikasikia Kiswahili laini cha Kigoma: "Nimeijaribu kila njia. Kubwa namna hii, na bado ni tasa."

Na Pascal wangu, badala ya kukasirika, akacheka. "Mi naipenda hivyo hivyo."

Mkubwa ni nani kama si mimi, na tasa ni nani, miaka mitatu ya ndoa bila hata kichefuchefu cha asubuhi moja? (Mwenye akili angejua mtu hasemwi "nimeijaribu", lakini sisi wa Buja hizo i na m tunazichanganya kama maharage na ndizi.) Nikausukuma mlango, ndagala zikamwagika.

"We mwanamuke, tasa ni mama yako! Myaka tatu mi nalia kwa munganga, njo unanitangaza kwa bwana yangu?"

Zubeda, chaki mkononi, akaonyesha ubao: 2147483647. "Dada, nasema namba hii. Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Shuleni kwetu tunaiita namba tasa."

"Nombre premier," Pascal akaitaja kwa Kifaransa, bila kuniangalia.

Ingeishia hapo ingekuwa kichekesho tu. Lakini mkuu wa shule, mzee wa watu, akaniuliza kwa huruma, "Mama, si Pascal alituambia munangoja vita ipoe kwanza njo muzae?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Miaka yote mume wangu alikuwa ananisitiri kwa hiyo vita, hakuna hata mmoja aliyewahi kunisema, na siri nimeimwaga mwenyewe, kwa sauti, mbele ya walimu wote.

Tulirudi nyumbani, Pascal amenibebea sufuria tupu. Wivu bado ninao, siwadanganyi, na Zubeda nilizidi kumchukia kwa kuwa hakuwa na kosa. Ila tangu siku ile, nikisikia maneno nyuma ya mlango, napiga hodi kwanza.