Maua Saba ya Mama Keji

Gazeti likilowa, kisha likakauka polepole chini ya kitu kizito, hutoa harufu yake ya pekee, kama uji uliochacha karibu na majani ya chai. Juzi niliisikia harufu hiyo kwenye duka la vitabu vikuukuu hapa Arua, nikasimama mlangoni mpaka mwenye duka akaniuliza kama ninaumwa. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nimekasirika. Ilinirudisha kwenye klabu ya mimea ya shule yetu ya msingi, na kila niikumbukapo klabu ile, damu hunichemka kana kwamba mambo yale yametokea asubuhi ya leo.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Tulikuwa watoto tisa, na kiongozi wetu alikuwa Mwalimu Feni, mtu mrefu aliyevaa kofia ya ukindu kutwa nzima, hata darasani. Lazima niseme kweli: yeye ndiye aliyetufundisha kuona. Jumamosi alitupeleka Manibe, tukapita kando ya mashamba ya mihogo tumeinama kama watu waliopoteza sindano. Ukiliona ua la porini, huligusi. Unahesabu petali zake, unatazama kama majani yamekaa mawili mawili au moja moja, unalichora, unawauliza wenyeji jina lake kwa Kilugbara, ndipo unapiga picha. Tulichoruhusiwa kubeba ni majani yaliyokwisha kuanguka, tukayabana katikati ya magazeti na kuyakandamiza kwa mawe. Kamera ilikuwa moja, na kila mtoto alikuwa na picha tatu kwa safari. Rafiki yangu Onzia alipiga chafya kila alipokaribia ua lolote, kwa hiyo picha zake zote zilitoka kama za mtu anayefukuzwa na nyuki.

“Tazameni kwa jicho,” Mwalimu alizoea kutuambia, “maana jicho halina kucha.” Nilimwamini kama nilivyoamini Zaburi.

Kisha yakaja mashindano. Klabu za shule mbalimbali zilitakiwa kuleta picha ya ua adimu la porini, na Mwalimu Feni akawa mtu mwingine. Aliacha kucheka. Alikuwa amesikia habari za okidi fulani inayoota ardhini upande wa Koboko, basi Jumamosi moja tukapanda nyuma ya pikapu na kwenda, tukafika tumekuwa wekundu kwa vumbi hadi kwenye kope.

Maua yalikuwa katika shamba la simsim la mama mmoja aliyekimbia vita Sudan Kusini. Tulimwita Mama Keji, kwa jina la binti yake. Shamba lote lilikuwa limepaliwa safi, isipokuwa duara moja kando ya kichuguu, ambapo jembe lilikuwa limezunguka kwa adabu. Hapo yalisimama mashina saba, marefu kufika kiunoni mwangu, yamejaa maua ya njano yenye mishipa ya zambarau, kila moja kama kinywa kidogo kinachotaka kusema.

“Hapa mimi hapana lima,” Mama Keji alitueleza huku akitugawia karanga za kuchemsha. “Kule kwetu mama yangu alikuwa naacha hii maua. Mwaka ya kwanza mimi nakuja hapa, naona moja tu. Sasa iko saba.”

Aliyahesabu kwa kidole, mbele yetu, kama mtu anayehesabu watoto kabla ya kufunga mlango.

Zamu yangu ilipofika nililala kifudifudi mavumbini, nikangoja upepo utulie, jua likiwa nyuma ya maua. Mwalimu aliitazama picha ya pili kwa muda mrefu. “Hii ndiyo,” akasema. Nilijiona nimekuwa mkubwa kuliko kichuguu kile.

Mama Keji akaenda nyumbani kutuletea maji. Alipopotea nyuma ya simsim, Mwalimu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, “Klabu nyingine wanakuja kesho. Tung'oe yote.”

Hakuna aliyesogea. Onzia akasema polepole, “Lakini mwalimu, jicho halina kucha.”

Mwalimu aliinama mwenyewe, akang'oa shina la kwanza pamoja na viazi vyake vya chini, kisha la pili, mpaka yakaisha. Matano akayatia guniani. Mawili yaliyobaki akanisukumia mkononi. “Shika.”

Nikashika. Nayaandika haya nikiona aibu, lakini nilishika.

Mama Keji alirudi na jagi la maji na kikombe kimoja. Alisimama. Aliyatazama mashimo saba, akanitazama mikono. Mwalimu akamwambia kwamba maua yanapelekwa mjini kwa utafiti. Nilimngoja mama yule apige kelele, nikamwombea apige kelele. Yeye alijaza kikombe, akampa Mwalimu kwa mikono miwili.

“Asante, mwalimu,” alisema. “Hapana shida.”

Kabla hatujafika Arua gunia lilikwisha kutupwa mtaroni pamoja na yale mawili yangu, maana maua yalikuwa yamenyauka.

Picha yangu ilishinda. Siku ya zawadi niliitwa mbele ya wazazi na walimu nieleze nilivyoipiga. “Maua haya hayapo tena,” nilisema. “Mwalimu aliyang'oa ili wengine wasiyapate.” Mwalimu Feni akatabasamu, akasema mtoto amechoka na jua. Jumatatu jina langu lilikuwa limefutwa katika klabu, na mama yangu, aliyeogopa nisije nikafukuzwa shule, alinionya jikoni: “Mwenye nguvu mpishe.”

Lakini hasira yangu kubwa haikuwa kwa Mwalimu. Ilikuwa kwa Mama Keji. Kwa nini alisema asante? Nilimwona mwoga, na kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki nikimwita hivyo.

Nilipokuwa mtu mzima nilipata kazi ya uuguzi Koboko, na siku moja nikamfunga kidonda mwanamke aliyeitwa Keji. Tukaulizana, tukatambuana. Mama yake alikuwa amekwisha kufa. Aliniambia kwamba shamba lile lilikuwa la shemeji yake Mwalimu, nao waliliazima tu, na kwamba Mwalimu alikuwa amelitaja jina la shemeji huyo asubuhi ile, kabla hata hajatoa kamera.

“Mama akisema neno, sisi tunakula wapi?” Keji aliuliza. “Nyinyi mulipoenda, alifunika mashimo na mikono. Miaka mbili hapana lima pale, alikuwa nangoja. Hakuna kitu iliota.”

Nilimwambia kwamba mawili kati ya yale saba niliyabeba mimi, nikamwomba radhi.

“Wewe ulikuwa mtoto,” Keji alisema. “Yule alikuwa mwalimu.”

Watu huniambia hasira ya utotoni hupoa mtu akishaelewa. Mimi nilipoelewa, haikupoa. Nilimwondolea mama yule sehemu niliyokuwa nimembebesha bure miaka yote ile, nikampa Mwalimu Feni yote, kwa kuwa alijua vizuri ni nani asiyeweza kumkatalia.