Maji yalikula picha za bintiye, sasa mzamiaji anachagua kamera nyingine

Saa moja na nusu asubuhi, mwanamume wa miaka hamsini na mbili ameketi ukingoni mwa gati, miguu ikining'inia juu ya maji ya rangi ya chai. Anatemea mate miwani yake ya kuzamia, anayasugua kwa kidole gumba, kisha anasuuza. Mtungi wa hewa uko mgongoni. Mkononi ana ubao mdogo wa plastiki na penseli iliyofungwa kwa kamba.

Bandarini wanamwita Nanga. "Kwa sababu mimi nikishuka nimeshuka," anasema. "Mambo ya kuelea elea sina."

Anajiachia, na maji yanamfunika. Juu, mwenzake anashika kamba ya usalama na kuyatazama mapovu. Baada ya dakika thelathini na nane Nanga anaibuka. Kwenye ubao amechora nyufa tatu za nguzo ya kumi na saba, na mahali ambapo zege limemomonyoka hadi chuma kinaonekana.

Mkaguzi, mhandisi aliye rika la kuwa mwanawe, anaugeuza ubao huku na huku.

"Mzee, kazi yako naijua," anasema. "Lakini mchoro si ushahidi. Ofisi inataka picha."

"Penseli yangu haijawahi kusema uongo."

"Sijasema inasema uongo, mzee. Nimesema hawaipokei. Mwisho wa mwezi ukifika bila picha, kazi atapewa mwingine."

Nanga anaitikia kwa kichwa na kuanza kuvua mapezi ya miguuni. Habishani. Tangu mwezi wa tatu, wenzake wanasema, habishani na mtu.

Gati hilo lina nguzo arobaini na sita, na zilizo mbali zaidi zimesimama kwenye kina cha mita ishirini na mbili. Kwa miaka sita alizipiga picha kwa kamera ndogo ya kuenea kiganjani, iliyotengenezwa kwa ajili ya wazamiaji. Na kwa kuwa ilikuwa ndiyo kamera pekee aliyokuwa nayo, jioni ilirudi naye nyumbani. Simu yake na ya mkewe ni za vitufe, za kupiga na kupokea tu. Hivyo kadi moja ilibeba nyufa za nguzo na sherehe za ndugu, kutu ya vyuma na mtoto akipiga mswaki.

Mtoto huyo alikuwa binti yao wa pekee. Alizaliwa na tundu kwenye moyo. Miezi minane ya mwisho hakwenda shule, na baba yake alimpiga picha kila siku aliporudi kutoka kazini: akisukwa nywele na mama yake, akionyesha pengo la jino, akiwa amelala na daftari kifuani. Alifariki mwezi wa tatu, akiwa na miaka kumi na mmoja.

"Tulisema tutazisafisha, zitoke kwenye karatasi," anasema mkewe, fundi cherehani. "Leo, kesho, mwisho wa mwezi. Nani alikuwa na haraka? Picha zipo, mtoto yupo."

Nyumba yao ni ya vyumba viwili. Cherehani iko chini ya dirisha, na ukutani kuna picha moja tu, ya mtoto mchanga aliyefungwa shuka, amefumba macho. "Huyo ndiye," anasema Nanga, "ila mtoto wa siku tano anafanana na mtoto yeyote wa siku tano."

Kilichotokea baadaye wanakieleza wote wawili, kila mmoja akimkatiza mwenzake.

Mwezi wa pili baada ya mazishi, mke aliamka mapema kuliko kawaida. Alichukua sweta ya sufu ya binti yake, akaketi nayo pale kwenye cherehani, akaanza kutazama picha moja moja. Betri iliisha. Alifungua kimlango cha kamera, akaiweka betri kwenye chaji, akairudisha, akafunga. Saa mbili asubuhi mumewe alizama nayo hadi mita kumi na nane.

"Nikaona povu dogo linatoka pembeni," anasema Nanga. "Nikajua. Pale chini huwezi hata kusema 'mama yangu'. Niliikumbatia tu, kama mtu anayeweza kuzuia bahari kwa mikono."

Kwenye mpira mwembamba unaozuia maji kulikuwa na uzi mmoja wa sufu, mrefu kama kope.

"Ni mimi niliyefungua," anasema mke.

"Mzamiaji ndiye anayekagua vifaa vyake kabla ya kuzama," anasema mume. "Sikukagua."

"Ni mimi niliyefungua."

"Basi, mwenzangu."

Majirani waliwashauri waifukie kamera kwenye mchele ili unyevu ukauke. Waliiweka humo siku saba. Walipoipeleka kwa fundi, aliifungua, akatazama kadi kwa muda, akauliza kwa nini hawakuisuuza siku ileile kwa maji yasiyo na chumvi. Chumvi ilikuwa imekwisha kula kila kitu. Watu wawili zaidi waliijaribu kadi hiyo, na wa mwisho alikataa hata malipo ya kazi yake.

Tangu hapo hata kuitana kumekuwa kazi. Zamani mtaa mzima ulimwita mwanamke huyu kwa jina la bintiye, Mama Fulani. Sasa wengine wanasema "dada", wengine wanakohoa kwanza. Nanga mwenyewe humwita "mwenzangu", jina ambalo hakuwahi kulitumia kwa miaka kumi na mmoja.

Alasiri wanakwenda pamoja kwenye duka la kamera. Muuzaji ni mtu mchangamfu, na anapanga tatu juu ya kioo.

Ya kwanza haihitaji kasha. Inaingia majini kama ilivyo, hadi mita kumi na tano. "Ikianguka haivunjiki," anasema.

"Mita kumi na tano hazinifikishi chini," Nanga anajibu. "Hiyo ni ya kuogelea na watoto." Anasikia alichokisema, anairudisha kamera juu ya kioo.

Ya pili inafika chini vizuri, lakini lenzi yake haipendi giza. Muuzaji anampiga picha Nanga kwenye pembe ya duka isiyo na taa, na uso wake unatoka kama umenyunyiziwa mchanga. Ya tatu ni nyembamba, inaingia mfukoni, ina macho hata gizani. Kwa baharini inavalishwa kasha gumu linalohimili mita arobaini. Nyumbani unaivua kasha, inakuwa kamera ya kawaida. Bei yake ni karibu mshahara wa miezi miwili.

"Hii moja inakutosheleza kote kuwili, mzee. Kazini na nyumbani."

"Ya nyumbani haiendi tena baharini," anasema mke. Ni mara ya kwanza anazungumza tangu waingie.

"Shangazi, kasha hili lina mipira miwili. Hata kama—"

"Nimesikia."

Muuzaji, akitafuta pa kutokea, anasifu kadi. Anasema inabeba picha zaidi ya elfu nne.

"Za nani?" anauliza mke.

Nanga anaigeuza kamera ya tatu, anafungua kasha lake, anapitisha ukucha taratibu kuzunguka mpira wa kasha, halafu anarudia. Mwishowe anauliza kama inaweza kusogelea kitu kidogo sana, chenye ukubwa wa ukucha.

"Ufa wa unywele utauona," anasema muuzaji.

"Siulizii ufa."

Anachoulizia kimetundikwa katika ofisi ya mwalimu mkuu wa shule ya bintiye: picha ya darasa, iliyopigwa miaka miwili iliyopita, wanafunzi arobaini na mmoja wakiwa mbele ya mlango. Mpiga picha aliisafisha nakala moja tu, na haijulikani alihamia wapi. Mwalimu mkuu haruhusu itoke ofisini, lakini ameruhusu ipigwe picha.

Wanainunua ya tatu. Ijumaa, kasha likiwa bado kwenye boksi lake, wanakwenda shuleni. Mwalimu mkuu anaishusha picha ukutani, anaifuta vumbi kwa kiganja, anawaachia ofisi.

Binti yuko safu ya nyuma. Bega la mwenzake limeficha shavu la kushoto, na alikuwa akigeuka wakati huo, labda ameitwa. Nanga anapiga picha kumi na mbili, akishusha pumzi kabla ya kila moja kama anavyofanya chini ya maji. Kisha wanainama pamoja juu ya kioo kidogo cha kamera.

Anaukuza uso. Jicho linatokea, na sehemu ya tabasamu. Anakuza tena, na vyote vinageuka vidoa vya kijivu.

"Endelea," anasema mke.

"Nikiendelea anapotea."

"Basi rudi nyuma kidogo. Rudi. Tena." Anamshika mkono. "Hapo. Hapo ndipo ni yeye."

Hapo ni picha nzima, watoto wote arobaini na mmoja wakilitazama jua, na yeye mdogo kuliko punje ya maharagwe.

Jumatatu kamera itaingia kwenye kasha na kushuka hadi nguzo ya kumi na saba, kwani kazi ndiyo inayowalisha. Mke amekubali kwa sharti moja: kwanza picha hii isafishwe, leo hii. Nanga amepanga kuisafisha kwa ukubwa utakaoenea ukuta wote unaotazamana na cherehani, na tayari ameomba mbao za fremu kwa seremala wa bandarini.

"Peke yake hatoki," anasema, akiizima kamera. "Itabidi tuwatundike wote."