Geti la Kumi na Nne

Wenzake walimwita Mzee Breki, kwa sababu hata kiti cha magurudumu kikiwa kitupu, kimeegeshwa ukutani, lazima arudi kuhakikisha amekifunga breki. Kazi yake pale uwanja wa ndege ilikuwa kuwasukuma wasafiri wasioweza kutembea, na mwaka huo alikuwa anatimiza miaka kumi na tisa kazini. Watu maelfu kwa maelfu walimpita kila siku, lakini akirudi chumbani kwake hakuwa na hata mmoja wa kumwuliza umeshindaje. Mkewe alishatangulia mbele ya haki. Binti yake wa pekee aliishi ng'ambo, na mwaka wa saba huo hawajaonana.

Sasa binti alikuwa anapita. Anabadilisha ndege, saa moja na nusu tu, kisha anaendelea na safari yake. "Baba, tuonane wapi?" aliandika. Mzee Breki akajibu chapuchapu: geti la kumi na nne, hapo pametulia.

Asubuhi hiyo alinyoa ndevu mara mbili. Akamwomba mwenzake amshikie zamu, akaenda kusimama getini kama bwana harusi.

Saa nzima ikayoyoma. Ujumbe ukaingia: "Baba, nipo kumi na nne. Sikuoni."

"Nami nipo hapo hapo, mama. Angalia vizuri."

"Nimesimama chini ya kibao kabisa."

Mzee akainua macho akitazame kibao. Kilisema ishirini na sita.

Lo, mzee huyu naye! Mageti yalipewa namba mpya miaka mitatu nyuma, ila watu wa viti ni wabishi. Wenyewe kwa wenyewe bado wanaita namba za zamani na hakuna anayepotea. Kumi na nne ya abiria ilikuwa mwisho wa jengo, upande wa pili, na ndege ya binti ilikuwa inaondokea huko huko.

Akatimua mbio. Miaka yote ile alikuwa anawakataza watu kukimbia humo ndani. Goti likamuuma, akalipuuza. Akapenya katikati ya watu na mabegi yao, samahani, samahani jamani, mpaka sauti ikamkauka.

Alipofika, mlango ulishafungwa.

"Wameshaingia wote, mzee wangu," mhudumu wa geti alimwambia kwa upole.

Nje ya kioo ndege ilikuwa bado imesimama. Simu ikatetemeka mkononi: "Baba, wametuingiza. Nimekaa dirishani. Unaniona?"

Akaitazama ndege kuanzia kichwani hadi mkiani. Jua lilikuwa linapiga vioo, hakuona sura hata moja.

"Nakuona, mama," akaandika. "Umenawiri."

Kisha akapunga mkono, akianzia dirisha la kwanza, taratibu, asiruke hata moja.