Jino liliacha kumuuma dada yangu, tukashangilia kama wajinga

Wakuu, salaam aleikum, na wasio Waislamu hamjambo nyote. Mimi ni bibi wa Likoni, nakaribia tisini, naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, makosa mtanivumilia. Wallahi sitatia chumvi. Kisa hiki hakihitaji chumvi.

Jana nimesoma humu mtu anasema dentist alimuanzia root canal, yaani kusafishwa mzizi wa jino, akapewa appointment ya kumalizia, hakurudi kwa sababu "jino limetulia". Na watu wanampongeza! Nimekasirika mpaka chai imenishinda.

Sikilizeni.

Vita vya Hitler vilikuwa vimekwisha, mwaka mmoja hivi au miwili. Mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu. Dada yangu Mwanamkasi alikuwa ameolewa hapo hapo Likoni na mkulima mmoja wa mihogo, shemeji Bakari.

Dada akashikwa na jino. Gego la chini, upande wa kulia. Alitafuna karafuu, akasukutua maji ya chumvi, wapi. Alikuwa akikaa ameegemeza shavu ukutani kwa sababu ukuta una baridi.

Mwisho Bakari akamruhusu avuke feri, nami nikafuatana naye, maana mke wa mtu hakwenda mjini peke yake.

Huko mjini kulikuwa na daktari wa meno wa Kihindi, mzee mpole. Watu wengi walikwenda kung'olewa tu. Huyu akamwambia dada jino lake bado lina nguvu, anaweza kuliokoa. Akalitoboa, akaingiza kijiwaya chembamba kwenye mzizi, akatoa uchafu unaonuka. Nilikuwepo, niliunusa. Kisha akatia dawa na kuziba kwa kitu cheupe.

Akasema, "Kazi iko nusu. Hii niliyoziba ni ya siku chache tu. Jino halitakuuma, lakini usidanganyike. Rudi Jumanne."

Tulirudi nyumbani dada anacheka. Usiku huo alilala. Mama yetu alimshukuru Mungu, majirani wakaja kuona maajabu. Jino kimya!

Jumanne ikafika. Dada akavaa buibui lake, Bakari akamuuliza, "Waenda wapi?"

"Kwa daktari, kumalizia jino."

"Lakuuma?"

"Haliumi. Lakini daktari amesema nirudi."

"Daktari ndiye mumeo? Jino haliumi, watafuta nini mjini?"

Dada akavua buibui.

Wakuu, ningependa kuishia hapo, nimlaumu Bakari peke yake. Lakini niliahidi kweli. Dada alimbembeleza siku tatu, mumewe akakubali. "Haya, nenda na mdogo wako." Dada akaja kunichukua kwa mama.

Nikakataa. Kulikuwa na harusi Mtongwe, nami nimeshapakwa hina. Nikamwambia, "Dada, si haliumi? Twende wiki ijayo, inshallah."

Wiki ijayo mvua ikanyesha. Ikafuata nyingine, mama mkwe wake akaugua. Kila mara inshallah. Jina la Mungu tukaligeuza kifuniko cha uvivu wetu.

Kile kizibo cheupe kikamomonyoka. Baadaye kikaota kijipu kwenye ufizi. Kinapasuka, dada anatema usaha, anasukutua, kinaota tena. Jirani mmoja akamwambia usaha ukitoka ndiyo kupona. Hata uchungu hakuwa nao, na ndiyo maana hakuna aliyeshtuka! Mshipa wa jino ulishakufa. Ungeumaje?

Asubuhi moja nikaitwa mbio. Nilimkuta dada amekaa kitandani, shingo na taya vimekuwa kitu kimoja. Ulimi umeinuliwa juu, mate yanamtiririka kwa sababu hawezi kumeza. Anapumua kwa sauti kama msumeno. Mama anamkanda kwa kitambaa cha moto na kulia.

Tulimbeba kwa kitanda cha kamba hadi feri. Bakari alishika mguu mmoja wa kitanda.

Hospitali walimpasua chini ya kidevu, wakatia mpira usaha utoke. Wakang'oa lile gego na mawili ya jirani yake, na kipande cha mfupa kilichooza. Sindano asubuhi na jioni, wiki baada ya wiki. Daktari akatuambia tungechelewa saa chache tu angekabwa na shingo yake mwenyewe.

Siku ya kwanza niliporuhusiwa kumwona, niliinama nimbusu mkono. Akanizaba kofi. Dada yangu aliyenilea mgongoni! Kisha akanivuta, akanishika, tukalia.

Bakari naye alikuja na halua. Halua, wakuu, kwa mtu asiyeweza kufungua kinywa. Akaiweka kando ya kitanda, akasimama kama mtoto aliyevunja mtungi.

Dada akamwambia kwa meno yaliyofungana, maneno yanatoka kwa tabu, "Haya. Sasa wajua nilichokuwa nikitafuta mjini."

Alipotoka hospitali hakurudi kwake. Alirudi kwa mama, akadai talaka mpaka akaipata.

Aliishi sana, alhamdulillahi. Lakini taya halikufunguka tena zaidi ya upana wa kidole. Muhogo wa kuchoma, ambao aliupenda kuliko nyama, hakuula tena. Watoto walimkodolea macho kovu lake. Wageni wakija alijifunika kwa leso hadi puani. Mimi nilimpondea chakula miaka mingi, na sikuwahi kumwambia, "Nisamehe." Nilidhani kumpondea chakula kunatosha. Hakutoshi. Ameshatangulia, na hasira nyingine ninayo juu yangu mwenyewe.

Funzo ni hili: jino lililokuuma likanyamaza lenyewe halijapona, pengine limekufa, na maiti haikai ndani ya nyumba. Root canal ikianzwa imalizwe. Na wewe mume, mama mkwe, bosi, unayemuuliza mgonjwa "si haliumi?", funga mdomo wako maadamu unaweza kuufungua.

Comment ziko wazi. Msiniandikie pole, sizitaki. Mwenye jino lililonyamaza aandike hapa chini siku anayokwenda kwa daktari. Siku yenyewe. Atakayeandika inshallah bila siku, nitamjibu mimi.